Tunza Beringi za Tela Kabla Gurudumu Halijachomoka



Katika matoleo yaliyopita tumezungumzia mbegu bora, hifadhi ya mazao na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii naomba tuinamishe vichwa na kutazama chini ya tela. Pale katikati ya gurudumu kuna kifaa kinachoenea kwenye kiganja cha mkono, nacho ndicho kinachobeba magunia yote ya mpunga, mahindi na vitunguu yanayotoka mashambani kuja soko la Dumila. Kifaa hicho ni beringi.

Ninaandika makala hii nikiwa na deni. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia makabidhiano ya pawatila na tela lake kwa kikundi kimoja cha wakulima. Tulitoa mafunzo ya siku tatu. Tulifundisha injini, mkanda, kubadili oili, kusafisha chujio la hewa na kuandika kumbukumbu za fedha. Magurudumu ya tela hatukuyagusa. Nilidhani kila mtu anajua gurudumu ni nini.

Masika yale tela lilivuka makorongo yaliyojaa maji karibu kila siku. Mavuno yalipoanza lilipakiwa mpunga. Jioni moja, likiwa pembezoni mwa barabara, gurudumu la kushoto lilichomoka na ekseli yake ikachimba lami. Gurudumu lile liliendelea peke yake hadi kwenye jiko la mama mmoja aliyekuwa anakaanga maandazi. Mafuta ya moto yalimmwagikia mguuni na akakaa muda mrefu bila kufanya biashara. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa. Lakini kikundi kilitumia akiba yake kumtibu na kununua ekseli nyingine, na msimu uliofuata wanachama wawili hawakuwa na fedha za mbegu.

Tulipofungua habu iliyobaki upande wa kulia, tulikuta ndani yake uji mweupe kama maziwa na kutu nyekundu. Uji ule ulikuwa grisi iliyochanganyika na maji. Gurudumu la pili nalo lilikuwa njiani kuchomoka.

BERINGI NI NINI NA INAFANYA KAZI GANI?

Ekseli ya tela haizunguki. Kinachozunguka ni gurudumu pamoja na habu, yaani kile kitovu cha chuma kinachofungiwa rimu. Chuma kikisugua chuma moja kwa moja, hupata moto na kulika. Kwa hiyo kati ya habu na ekseli huwekwa beringi mbili, kubwa kwa ndani na ndogo kwa nje. Kila beringi ina kikombe cha nje kinachokaa ndani ya habu, kiini cha ndani kinachokaa kwenye ekseli, na katikati yake roli ndogo za chuma kigumu zilizopangwa kwenye kizimba ili zisigusane. Badala ya kusuguana, vyuma huviringika.

Beringi nyingi za matela zina roli zilizochongoka kidogo upande mmoja. Umbo hilo halikuja kwa bahati. Mwaka 1898 mtengeneza magari ya kukokotwa na wanyama wa Marekani, Henry Timken, pamoja na mwenzake Reginald Heinzelman, walipata hataza ya beringi za namna hiyo. Tatizo lilikuwa kwamba gari lenye mzigo likikata kona, gurudumu husukumwa pia kwa ubavu. Roli iliyochongoka hubeba uzito unaotoka juu na msukumo unaotoka ubavuni kwa pamoja. Ndiyo maana mkulima anayetoka shamba lenye matuta akiwa na mzigo anaihitaji zaidi kuliko mtu mwingine yeyote.

Roli hizo haziwezi kuishi bila grisi. Grisi hufanya kazi tatu: hulainisha, huzuia kutu, na huziba njia ya vumbi na maji. Nyuma ya beringi ya ndani huwekwa sili, pete yenye mdomo wa mpira unaoshika ekseli ili grisi isitoke na uchafu usiingie. Mbele hufunikwa na kofia ya bati.

KWA NINI MAJI HUINGIA?

Wengi huuliza: kama kuna sili, maji yanapita wapi? Jibu lake ni rahisi, na ukilielewa hutalisahau.

Tela likitembea na mzigo, habu hupata joto, na hewa iliyomo ndani hutanuka, nyingine ikajipenyeza nje. Kisha tela linaingia mtoni ghafla. Habu inapoa mara moja, hewa iliyobaki ndani inasinyaa na kuanza kuvuta. Jaribu nyumbani: suuza chupa ya plastiki kwa maji ya moto, yamwage, ifunge vizuri kisha itumbukize kwenye maji baridi. Utaiona inajikunja. Habu ya chuma haiwezi kujikunja, kwa hiyo huvuta maji kupitia mdomo wa sili. Sili ikiwa imechakaa hata kidogo, maji yataingia kila unapovuka.

Watu wanaosafirisha boti kwa matela walilijua tatizo hili zamani, kwa sababu kila safari yao huishia kwa kurudisha tela ndani ya maji ili boti ielee. Wengi wao hufunga kofia maalumu yenye springi inayosukuma grisi ndani ya habu wakati wote, ili habu ikisinyaa ivute grisi badala ya maji. Pia hupumzisha tela kabla ya kulishusha majini.

Sisi wa Dumila hatuna boti za kuvuta, lakini tuna Mto Mkundi, makorongo, mifereji ya mashamba ya mpunga na udongo mweusi unaonata. Tunakumbuka mafuriko ya Kilosa ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, na yale ya Januari 2014 yaliyoharibu daraja na kukata barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma hapa kwetu. Siku za namna hiyo tela hufanya kazi majini kama la boti. Tofauti ni kwamba mwenye boti anajua amelizamisha tela lake. Sisi husema tumevuka tu.

DALILI ZA BERINGI INAYOKUFA

Ukaguzi huu hauhitaji fundi. Dereva aufanye kila wiki wakati wa msimu, tela likiwa tupu.

1. Sauti. Inua gurudumu kwa jeki na ulizungushe kwa mkono. Beringi nzima huzunguka kimya. Ukisikia mkwaruzo au kama mchanga unasagwa, kuna kasoro.

2. Kucheza. Shika tairi juu na chini, vuta na kusukuma. Mchezo mdogo sana unaosikika kwa shida ni wa kawaida. Gurudumu likiyumba waziwazi, nati imelegea au beringi imelika.

3. Joto. Baada ya mwendo wa kilomita kadhaa, simama, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na habu kabla ya kuigusa. Uvuguvugu si tatizo. Kama huwezi kuushikilia mkono pale, usiendelee na safari. Linganisha na gurudumu la pili. Moja likiwa la moto kuliko lingine, hilo ndilo lenye ugonjwa.

4. Grisi inayotoka. Ukiona mafuta yametapakaa ndani ya rimu, sili imekufa. Pale yalipotokea mafuta, maji yataingilia hapohapo.

5. Rangi. Fungua kofia. Grisi yenye rangi ya maziwa ina maji. Grisi nyeusi yenye chembe zinazong'aa ina chuma, yaani beringi imeanza kujila.

JINSI YA KUFUNGUA NA KUTIA GRISI

Andaa jeki, magogo mawili imara, spana, koleo, nyundo, kipande cha ubao, mafuta ya taa, beseni, vitambaa safi, grisi mpya, sili mpya na kota pini mpya. Tafuta mahali tambarare pasipo na vumbi.

Shusha mzigo wote. Zuia gurudumu la upande wa pili kwa mawe mbele na nyuma. Inua kwa jeki, kisha weka gogo chini ya ekseli. Usiingize mkono wala mguu chini ya tela lililosimama kwa jeki peke yake.

Toa kofia kwa kuigonga taratibu pembeni. Nyoosha kota pini na uitoe. Fungua nati, ondoa washa, kisha vuta habu kidogo mbele. Beringi ndogo itajitokeza, ishike isianguke mchangani. Vuta habu yote. Kwa nyuma ng'oa sili na utoe beringi kubwa. Weka vifaa vya gurudumu la kushoto peke yake na vya kulia peke yake, kwa sababu kila beringi imezoeana na kikombe chake.

Osha beringi kwa mafuta ya taa mpaka grisi yote ya zamani iishe. Usitumie petroli, kwani hushika moto kwa urahisi mno. Kausha kwa kitambaa safi. Vijana wetu hupenda kuzizungusha kwa upepo wa kompresa ili zilie, waambieni waache. Beringi isiyo na mafuta ikizungushwa kwa kasi huumia, na roli zinaweza kuruka na kumjeruhi mtu.

Sasa kagua kwenye mwanga. Vishimo kwenye roli au kwenye kikombe, kutu iliyokula chuma, rangi ya bluu inayotokana na moto, au kizimba kilichopinda, ni hukumu ya kubadilisha. Ukibadilisha kiini na roli zake, badilisha na kikombe. Kikombe cha zamani kitaiua beringi mpya kwa muda mfupi.

Ikiwa ni nzima, itie grisi kwa namna hii. Weka donge la grisi kwenye kiganja. Shika beringi kwa mkono mwingine na ukandamize ukingo wake mpana kwenye donge, mara kwa mara, mpaka uone grisi inatokea upande wa pili katikati ya roli. Igeuze kidogo na urudie mpaka uzunguke yote. Kupaka kwa nje tu ni sawa na kumpaka mtoto uji mdomoni na kusema ameshiba. Kisha paka vikombe na weka grisi ndani ya habu, kati ya theluthi na nusu ya nafasi yake. Paka pia ekseli yenyewe ili isishike kutu.

Rudisha beringi kubwa, kisha gonga sili mpya kwa kutumia ubao ili iingie sawasawa, mdomo wake wenye springi ukielekea ndani kwenye beringi. Paka grisi kidogo kwenye mdomo huo. Kabla ya kurudisha habu, pitisha kidole mahali sili inapokaa kwenye ekseli. Kama pana mfereji uliochimbika au kutu, hata sili mpya itavuja. Mpelekee fundi mchongaji aparekebishe.

KUKAZA NATI: HAPA WENGI HUKOSEA

Nati ikilegea mno, gurudumu litayumba na kuvunja beringi. Ikikazwa mno, beringi itaungua. Fundi wa kuchomelea aliyezoea kukaza kila nati kwa nguvu zote anaweza kuharibu kazi yote hapa.

Fanya hivi. Kaza nati kwa spana huku ukizungusha gurudumu kwa mkono, mpaka uhisi limekuwa zito. Hapo beringi zimekaa mahali pake. Kisha ilegeze kabisa. Halafu ikaze tena kwa vidole tu, bila spana. Kama tundu la kota pini halijalingana na nafasi ya nati, rudisha nati nyuma kidogo hadi tundu la karibu, usiisogeze mbele. Ingiza kota pini mpya na kunja miguu yake. Msumari si kota pini, na waya wa kufungia uzio si kota pini. Rudisha kofia. Baada ya safari ya kwanza gusa habu na kagua tena.

GRISI GANI NA BERINGI GANI?

Grisi inayofaa ni ya lithiamu yenye unene wa daraja la 2, iliyoandikwa kwenye kopo kwamba ni ya beringi za magurudumu. Kama tela lako huvuka maji mara nyingi, uliza iliyotengenezwa kustahimili maji. Grisi ya kalsiamu ya kawaida hukataa maji vizuri, lakini huyeyuka mapema ikipata joto, hivyo haifai kwa tela linalokimbia lami. Usichanganye aina mbili ndani ya habu moja, kwani nyingine hazipatani na hugeuka maji maji. Oili chafu ya injini si grisi.

Unapokwenda dukani, chukua beringi ya zamani mkononi na usome namba iliyochongwa ubavuni. Kwa beringi za vipimo vya milimita, tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, ukizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha tundu. Kwa mfano 30205 ina tundu la milimita 25, na 30206 ina tundu la milimita 30 na kipenyo cha nje cha milimita 62. Magari mengine, hasa ya zamani, hutumia vipimo vya inchi na namba zake hazifuati kanuni hii. Kwa kuwa matela mengi ya kwetu yameundwa kwa ekseli za magari makuukuu, namba zinaweza kutofautiana hata kwa matela mawili yaliyotoka kwa fundi mmoja. Ziandike kwenye daftari la tela mapema, kabla mvua hazijaanza.

Jihadhari na beringi bandia na zilizotumika ambazo husafishwa na kurudishwa kwenye boksi. Angalia kama namba imechongwa vizuri, kama inalingana na ya kwenye boksi, na kama inazunguka laini. Dai risiti.

RATIBA NA FEDHA

Tunapendekeza hivi kwa kila kikundi: kufungua na kutia grisi mpya mara mbili kwa mwaka, yaani kabla ya masika na kabla ya mavuno. Na kama maji yalifika kwenye habu, usisubiri ratiba. Fungua kofia siku hiyohiyo uangalie, na ukikuta weupe, fungua yote ndani ya wiki hiyo. Tela lililozama na kuegeshwa miezi miwili huharibika zaidi kuliko linalofanya kazi, kwa sababu maji hutulia sehemu moja na kutu hula pale pale.

Kabla ya kuvuka maji, simama dakika ishirini au thelathini ili habu zipoe. Dereva anywe chai. Muda huo ni bei rahisi kuliko beringi.

Kuhusu fedha, tuseme tela linafanya safari 10 kwa wiki na kila safari kikundi kinatenga shilingi 500. Kwa wiki 12 za mavuno mtakuwa na shilingi 60,000 za matengenezo ya magurudumu. Kiasi mtapanga wenyewe kulingana na bei za siku hiyo, lakini zitengwe kabla ya kugawana faida. Tangu kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ilipotolewa mwaka 2009, pawatila nyingi ziliingia vijijini kwa mikopo na misaada. Nyingine leo ni viota vya kuku, na wakati mwingine chanzo kilikuwa kifaa cha bei ndogo ambacho hakikutengewa hata senti.

Wenye mikokoteni ya ng'ombe au punda nao wasijione wako pembeni. Beringi mbovu kwenye mkokoteni haiwashi taa wala haipigi honi, inamchosha mnyama. Ukiona ng'ombe wako wanakataa kuvuta mzigo waliouzoea, kagua magurudumu kabla ya kuchukua fimbo.

Jambo la mwisho la usalama: mafuta ya taa yaliyooshea beringi na grisi ya zamani visimwagwe mtoni wala kwenye mfereji. Vikusanywe kwenye kopo lenye kifuniko.

HITIMISHO

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 14, tunasoma jinsi magari ya Wamisri yalivyokwama katikati ya bahari baada ya Bwana kuyaharibia mwendo magurudumu yake. Yale yalikuwa ya Farao. Ya kwetu yakichomoka barabarani, tusikimbilie kusema ni mapenzi ya Mungu wakati kopo la grisi liko stoo halijafunguliwa. Katika mafundisho ya uwakili tunasema kwamba vyote tulivyo navyo tumekabidhiwa, na tutatoa hesabu. Tela la kikundi ni mojawapo, na afya ya mama anayekaanga maandazi kando ya barabara imo katika hesabu hiyo.

Mama yule alirudi kwenye jiko lake. Kila nikipita hapo huniuliza, "Mratibu, magurudumu mmeyaangalia?" Siku hizi mafunzo yetu ni ya siku nne, na siku ya nne nzima ni ya magurudumu. Vikundi ambavyo havijapata siku hiyo ya nne vilete tela lake usharikani kabla ya masika. Njooni na sili mpya na kota pini mpya. Jeki, magogo na beseni tutaleta sisi.

Mungu awabariki na kuwalinda njiani.

Mratibu wa Miradi